HELA YA TABORA: SARAFU NDOGO ILIYOTUACHIA JINA

Kila siku sisi wa bweni twasema, "Sina hela," au "Hela yangu ya sabuni imekwisha." Wazazi wetu nao hutuma hela kwa simu ya mwalimu wa bweni, na siku hiyo huwa ni siku ya furaha. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kujiuliza neno hili limetoka wapi? Mimi sikujiuliza hata mara moja mpaka likizo ya Desemba iliyopita, nilipotiwa hela yenyewe mkononi, nikaambiwa niseme kama ni dhahabu au siyo. Nimeona yafaa niwaandikie habari zake, kwa kuwa sarafu hiyo ilitengenezwa hapa hapa Tabora, na watu wa Tabora wengi hawana habari.

Bibi yangu mzaa mama anakaa Ng'ambo. Katika sanduku lake la bati ana kipande cha kaniki chenye fundo, na ndani ya fundo mna sarafu moja, kubwa kuliko shilingi mia ya leo. Rangi yake ni ya manjano iliyofifia. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili ina majani na maneno 20 HELLER, pamoja na herufi moja peke yake: T. Bibi alipewa na baba yake, naye baba yake alipewa na baba yake, ambaye alikuwa mpagazi wa jeshi la Wadachi katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wetu waliwaita Wajerumani Wadachi, na Bibi huwaita hivyo mpaka leo.

Basi siku moja mjomba alikuja na mtu anunuaye vitu vya kale. Mtu yule aliigeuza sarafu mara mbili tatu, akasema kwamba Wadachi walipiga dhahabu Tabora, na huenda hii ikawa moja yake, aichukue akaipime. Bibi akakataa isitoke nyumbani. Yule mtu akaondoka, akasema atarudi mwisho wa Januari. Alipokwisha ondoka Bibi akaniita.

"Mjukuu wangu, wewe unasoma sayansi. Ichukue shuleni, waulize walimu wako. Ikiwa ni dhahabu tutaiuza, nawe upate godoro na blanketi jipya."

Nikasema, "Haya, Bibi." Nikaifunga katika leso, nikarudi nayo shuleni. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari hizi.

KABLA YA SARAFU

Kila mwanafunzi wa Tabora ajua kwamba mji wetu ulikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha njia ikagawanyika: moja kwenda Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, nyingine kwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa pembe au nguo ulikuwa yapata frasila 2, kama kilo 32, nao ulibebwa begani au kichwani kwa miezi kadhaa mpaka pwani.

Wapagazi na wenyeji walilipana nini? Si sarafu. Huku bara fedha ilikuwa ni nguo, shanga na waya wa shaba. Nguo ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka 1, na shuka 2 ni doti 1. Shanga zilitungwa kwa kete, na kete 10 zilikuwa fundo 1. Nguo iliyopendwa zaidi iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka Marekani, ikaja kwa majahazi ya wafanyabiashara wa mji wa Salem. Ile kaniki ambayo Bibi amefungia sarafu yake nayo ilikuwa fedha zamani hizo.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1857, aliandika kwa urefu habari za shanga. Jambo lililowasumbua wasafiri ni kwamba kila nchi ilikuwa na shanga yake. Ile iliyopendwa mahali hapa ilikataliwa mahali pengine. Ujiji sokoni watu walitaka ushanga mweupe uitwao sofi. Msafiri aliyefika na mzigo wa shanga za rangi isiyotakiwa alikuwa maskini mwenye mzigo mzito.

Naomba msomaji alishike neno hilo, maana litatufaa mbele: fedha ni kitu ambacho mwenzako yu tayari kukipokea. Kisipopokelewa, hata kiwe kizuri namna gani, si fedha.

Pwani sarafu zilikuwapo. Kulikuwa na riale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, na rupia ya India iliyoletwa na biashara ya Wahindi. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, naye alitoa pesa za shaba nyekundu zenye picha ya mizani na mwaka wa hijria 1299, yaani 1882. Neno "pesa" lenyewe lilitoka India.

RUPIA, PESA NA HELA

Wadachi walipoingia, kwanza nchi ilishikwa na kampuni yao, Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki. Kampuni haikuleta hesabu mpya. Ilitoa rupia zake za fedha, na tangu 1890 mpaka 1892 ilitoa pesa za shaba, upande mmoja zina maandishi ya Kidachi, upande wa pili maandishi ya Kiarabu, ili watu wa pwani wazisome. Pesa 64 zilikuwa rupia 1.

Kwa desturi ya India hesabu hii ilikuwa ya kawaida, lakini makarani wa serikali iliwasumbua. Mwaka 1904 serikali ya Kidachi ilichukua kazi ya sarafu mkononi mwake, ikaigawa rupia katika sehemu 100, na kila sehemu ikaitwa Heller. Hesabu ikawa hivi:

Zamani: pesa 64 = rupia 1.
Tangu 1904: hela 100 = rupia 1.
Rupia 15 = mark 20 za Kidachi.

Jina la Heller si la Afrika, wala halikuanza 1904. Kuna mji katika Ujerumani ya kusini uitwao Hall, siku hizi Schwäbisch Hall, ambao tangu zaidi ya miaka 800 iliyopita ulitengeneza vijisarafu vya thamani ndogo. Watu wakaviita kwa jina la mji, yaani "vya Hall", na jina likaenea katika nchi za jirani. Czech walikuwa na sarafu ndogo ya jina hilo hilo mpaka mwaka 2008. Dola nayo ilipata jina kwa njia kama hiyo, kutoka mji wa Joachimsthal uliotengeneza sarafu kubwa za fedha. Hivyo mji mmoja ulitoa jina la sarafu ya tajiri, na mwingine jina la sarafu ya maskini. Sisi tulipata la maskini.

Sarafu za kwanza za 1904 zilikuwa nusu hela na hela 1, za shaba nyekundu. Baadaye, mwaka 1908 na 1909, ikatoka hela 5 kubwa na nzito. Kisha zikaja hela 10 na hela 5 nyeupe zenye tundu katikati. Tundu lile lilikuwa na akili ndani yake. Mtu asiye na mfuko katika vazi lake aliweza kuzitunga hela zake katika uzi, kama vile babu zake walivyotunga kete za shanga. Sarafu hizi zote zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Zenye herufi A zilitoka Berlin, na zenye herufi J zilitoka Hamburg.

Lakini watu hawakuzipokea kwa sababu ya kupenda tu. Tangu 1898 serikali ya Kidachi ilitoza kodi ya nyumba, na kwa mtu wa shamba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mkulima aliyekuwa na mtama na kuku na asali, lakini hana rupia, ilimpasa ama auze mazao yake sokoni, ama aende kufanya kazi ya mshahara, katika mashamba ya pwani au katika ujenzi wa reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Basi rupia ilikuwa ya kulipa kodi. Hela ndiyo iliyokuwa ya kila siku: ya chumvi, ya tumbaku, ya ndizi. Mtu wa kawaida aliiona rupia mara chache kwa mwaka, lakini hela aliishika kila siku ya soko.

KARAKANA YA TABORA, 1916

Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Askari na wapagazi walitaka mishahara, na watu wakaficha rupia zao za fedha, kama watu wafanyavyo kila palipo na vita. Serikali ikachapa noti kwa haraka, nyingine zikachapwa Tabora. Lakini mkulima aliyezoea chuma hakuiamini karatasi. Yaweza kuliwa na mchwa, yaweza kulowa, yaweza kuungua.

Ndipo serikali, ambayo ilikuwa imehamia Tabora, ikaamua kupiga sarafu hapa hapa. Mahali palipokuwa na mashine na mafundi ni karakana ya reli. Shaba ya manjano ilipatikana katika maganda matupu ya risasi na mizinga, na shaba nyekundu ilitumika pia. Zikatengenezwa sarafu za namna tatu, zote zina mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora:

Ya kwanza, hela 5 ya shaba ya manjano.
Ya pili, hela 20, nyingine za shaba ya manjano, nyingine za shaba nyekundu. Hizi zilipigwa zaidi ya milioni 1.
Ya tatu, rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke, katika nchi ya Iramba upande wa Singida. Hizi zilikuwa elfu 16 na kidogo.

Ile T yanipendeza sana. Herufi A ilikuwa ya mji mkuu wa Ujerumani, J ya bandari yake kubwa, na T ni ya mji wetu wa miembe na vumbi. Mihuri ya chuma iliyotumika kupigia hela 20 ilichoka na kubadilishwa, kwa hiyo sarafu hazilingani. Nyingine zina taji kubwa, nyingine dogo. Katika neno HELLER, nyingine zina herufi L zenye ncha kali, nyingine ncha zimepinda. Uzito nao watofautiana, kwa kuwa kazi ilifanywa katika karakana ya reli, mahali pasipo na mashine za kiwanda cha sarafu. Mkisoma katika vitabu kwamba hii ni kazi ya Wadachi, kumbukeni kwamba katika karakana kulikuwa na mikono ya watu wengine pia, na majina yao hayakupigwa juu ya shaba.

TULIVYOPIMA KATIKA MAABARA

Sasa yule mnunuzi wa vitu vya kale alisema kweli kwamba Wadachi walipiga dhahabu Tabora. Swali lilikuwa kama ya Bibi ni mojawapo. Sarafu yenyewe ilikwisha jibu, maana imeandikwa 20 HELLER, wala haina tembo. Lakini mjomba alikuwa amesema kwamba maandishi ni maandishi, dhahabu ni dhahabu. Basi nikamwendea mwalimu wetu wa fizikia, akacheka, akasema, "Leta tufanye kama Archimedes."

Tulifanya hivi, na kila mwanafunzi aweza kufanya. Kwanza tuliipima sarafu katika mizani, ikawa gramu 11.2. Kisha tukaifunga kwa uzi mwembamba, tukaining'iniza katika mizani hali imezama ndani ya maji, isiguse chombo. Ikawa gramu 9.9. Tofauti ni gramu 1.3. Kitu kikizama majini hupungukiwa na uzito sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma, na gramu 1 ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Basi ujazo wa sarafu ni 1.3. Tukagawa 11.2 kwa 1.3, tukapata 8.6.

Dhahabu safi ni 19.3. Kama sarafu ya Bibi ingekuwa dhahabu safi, kwa ukubwa ule ule ingekuwa na uzito wa gramu 25, zaidi ya mara mbili. Shaba ya manjano ni yapata 8.5. Mwalimu akaandika jibu ubaoni, wala hakusema neno. Nami nikalitazama jibu lile, nikalifikiria godoro langu.

AHADI ILIYOVUNJIKA

Likizo ya katikati ya muhula nilikwenda Ng'ambo. Baada ya kumwamkia Bibi nilimweleza yote. Hakuhuzunika. Akaniuliza, "Hizo ishirini zilikuwa zanunua nini?" Nikamwambia hesabu: hela 20 ni sehemu ya tano ya rupia, sarafu 15 kama ile zilitosha kodi ya mwaka mzima. Bibi akatikisa kichwa, kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia.

Babu yake alichukuliwa upagazi akiwa kijana. Alibeba mizigo ya risasi na unga mwaka mzima, na wenzake wawili wa kijiji kimoja walikufa njiani kwa kuhara. Mwezi wa Agosti 1916, Wabelgiji walipokaribia, alilipwa kwa sarafu hizi, za manjano, mpya, zinang'aa. Alifurahi. Akaweka hesabu ya kulipa kodi, na kununua jembe na nguo ya mke wake.

Vitabu vyatuambia yaliyofuata. Jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur lilitoka Kongo, likapigana kuizunguka Tabora mwanzoni mwa Septemba, na tarehe 19 Septemba 1916 likaingia mjini. Wadachi walikuwa wamekwisha ondoka kuelekea kusini. Tombeur alipata sifa kubwa kwao, hata jina la Tabora likaongezwa katika jina la ukoo wake.

Babu yake Bibi hakujua habari za sifa. Alikwenda dukani na hela zake, mwenye duka akazitazama, akazirudisha juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kwamba waliozipiga hawapo tena, na hakujua kesho nani atazipokea kwake. Alikwenda duka la pili na la tatu. Nyingine alizitoa mwishowe kwa fundi wa kufua shaba, zikageuka bangili. Moja akaifunga katika kaniki, akamwambia mwanawe, "Hii ni kazi yangu ya mwaka mmoja. Itunze."

Nilipokuwa nikimsikiliza nilikumbuka shanga za Ujiji. Vitabu vya uchumi husema kwamba fedha ni ahadi. Serikali yasema, "Pokea kipande hiki, nasi tutakipokea kwako." Wadachi wa Tabora waliitoa ahadi hiyo kwa shaba, wakijua adui yu njiani. Wenye dhahabu ya tembo hawakupata hasara, kwa sababu dhahabu ni dhahabu hata mtawala akiondoka. Aliyepata hasara ni mpagazi, aliyelipwa kwa ahadi.

JINA LILILOBAKI

Baada ya vita nchi iliitwa Tanganyika, ikawa chini ya Waingereza. Rupia ya Kidachi ikaondolewa. Mwaka 1920 ikaja florini, haikudumu miaka miwili, ikafuatwa na shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100. Senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, kama zile hela za zamani. Baada ya Uhuru, mwaka 1966, Benki Kuu yetu ilitoa sarafu zetu wenyewe: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi 1 yenye mwenge. Leo senti hazionekani tena. Ukienda sokoni Tabora, shilingi 50 ndiyo ndogo utakayorudishiwa, tena mara nyingi hupewa pipi badala yake.

Lakini angalieni jambo hili. Mark imesahauliwa. Florini imesahauliwa. Rupia yenye sura ya mfalme wa Wadachi, Wilhelm wa Pili, imebaki katika makumbusho. Hela, sarafu ndogo kuliko zote, haikusahauliwa. Jina lake lilitoka katika sarafu, likahamia katika fedha yote: noti ni hela, mshahara ni hela, hata hela iliyo katika simu ni hela, ingawa haishikiki. Jirani zetu wa Burundi, waliokuwa chini ya Wadachi pamoja nasi, nao huita fedha "amahera". Hawakuiga kwetu kwa barua. Waliishika sarafu ile ile.

Kwa nini iwe hela, isiwe rupia? Nadhani ni kwa sababu lugha haitengenezwi na wenye rupia peke yao. Yatengenezwa na watu wengi wanaonunua chumvi. Kilichoshikwa na mikono mingi kila siku ndicho kilichotajwa na vinywa vingi kila siku. Mdachi alidhani ameleta sarafu yake. Watu walichukua neno, wakalifanya lao, wakaacha yaliyobaki yaende na mwenyewe.

MWISHO

Yapasa niseme kweli jinsi mambo yalivyokwisha nyumbani. Nilipowaambia jibu la maabara, mjomba alinyamaza sana. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa amekwisha pokea kwa yule mnunuzi shilingi elfu 50 za kutangulizia. Mtu yule aliporudi alitaka ama sarafu, ama fedha yake. Mjomba akasema tumpe sarafu yaishe, maana sasa twajua kwamba ni shaba tu.

Bibi akasema, "Shaba tu ndiyo aliyolipwa babu yangu. Hii haitoki."

Akafungua kibindo, akahesabu elfu 50 za karanga alizouza, akampa mjomba ampelekee mwenyewe. Hela zile ndizo zilizokuwa za blanketi langu. Bibi alinitazama, nami nikasema, "Hapana neno, Bibi." Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Tabora huwa na baridi, na wenzangu wa bwenini ni mashahidi kwamba blanketi langu ni lile lile. Lakini nisingependa kulala joto kwa bei ile.

Mjomba na Bibi wamekwisha patana. Sarafu imerudi katika fundo lake, ila safari hii pamoja nayo mna karatasi niliyoiandika mimi: jina la babu yake, kijiji chake, kazi aliyoifanya, miezi aliyoitumikia, na hesabu ya maabara. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu ilikuwapo miaka mingi. Daftari ndilo lililokosekana.

Wenzangu, mwendapo likizo, waulizeni wazee wenu kama wana sarafu za kale. Mkiiona yenye T, mjue ilizaliwa karibu na stesheni yetu. Msiisugue kwa mchanga ing'ae, maana maandishi yatafutika. Msimpe mtu akaipime mahali msipopaona. Mizani ya shule yatosha. Na kabla hamjauliza yauzwa kiasi gani, ulizeni kwanza ni nani aliyeipata, na kwa kazi gani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne